Hausi na tekno zenye kodi za maana: mfuate mpiga kinanda, achana na jina la mtindo

Swali limeletwa na kijana wa Wete, anapiga kinanda kwenye kikundi cha taarabu ya kisasa, nalifupisha. Anasema anapenda sana hausi na tekno na hizi biti za kompyuta kwa jumla, usiku anazisikiliza kwa hedifoni, lakini akikaa na kinanda kuzitafuta anakuta kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) mbili au hata moja tu inazunguka dakika sita nzima, mahadhi hamna, na yeye kalelewa na nyimbo zinazoanza na bashrafu ya ala tupu, fidla inajibizana na ganuni, sauti inapanda na kushuka. Wenzake wanamwambia huo ni muziki wa ful muni za Kendwa tu, zile sherehe za ufukweni za mwezi mpevu, wa watu walioshalewa. Anauliza: je ipo ya kuchezeka ambayo ina kodi na mahadhi ya maana, na aitafuteje maana kila akitafuta "hausi bora" analetewa yaleyale? Na mwisho, anaweza kuziingiza kodi hizo kwenye kikundi chao?

Mdogo wangu, ipo, tena tele, ila hutoipata kwa kutafuta jina la mtindo. Hausi, tekno, trensi, dramu endi besi, amapiano, majina yote haya yanakwambia ngoma inapigwaje na inakwenda kasi gani, basi. Hausi inatembea kwenye mapigo 120 hadi 125 kwa dakika na kiki, ile dramu nzito ya chini, inagonga kila pigo, dramu endi besi inafika 170 na kitu, amapiano imetulia kwenye 110 hadi 115, singeli yetu ya Bara ndo usiseme inapita 200. Hapo hujaambiwa lolote kuhusu kodi. Ndani ya hausi hiyohiyo kuna mtu kagonga kodi moja kutwa nzima na kuna mtu kakaa miaka anapiga jazi kanisani kabla hajagusa mashine ya ngoma, na wote wawili wamewekwa rafu moja. Kwa hiyo kitu cha kwanza badilisha unachokitafuta, mtafute mtu aliyekaa kwenye kinanda. Hili ndilo jibu langu zima kwa kweli, mengine yote hapa chini ni namna ya kulifanya.

Lakini kabla ya majina, kuna kitu nataka ukijue ili usiwadharau watu bure. Ile kodi moja mara nyingi si kwamba mtu hajui, ni kazi ya DJ inavyotaka. DJ anapigisha rekodi mbili kwa pamoja, moja inaisha nyengine inaingia, wanapishana dakika nzima na zaidi. Kama ya kwanza inatembea kodi sita na ya pili inatembea kodi nyengine sita, zitagongana na watu watakimbia uwanjani. Ndo maana nyingi zinaanza na ngoma tupu na kuishia na ngoma tupu, na ndo maana programu za maDJ zinaipa kila rekodi namba ya ki yake, yaani ngazi ya noti ambayo wimbo umekaa, utaona 8A ikimaanisha A maina, 8B ikimaanisha C meja, DJ anachagua zilizo jirani. Rekodi inayohama ki katikati inamharibia hesabu. Kwa hiyo soko lenyewe linamlipa anayekaa palepale, wanaotembea ni wachache na lazima uwatafute kwa makusudi.

Na kuna sababu nyengine ya mashine. Zamani sampula, yaani mashine za kurekodi sauti fupi na kuipiga kwa vitufe, zilikuwa na nafasi ndogo sana, prodyuza anarekodi kodi moja tu, tuseme A maina seveni, yaani A, C, E, G, kisha anaipiga kwa kidole kimoja, akisogeza kidole kodi nzima inasogea vilevile kama muhuri. Hebu kaa kwenye kinanda chako ujaribu sasa hivi. Piga A, C, E, G. Halafu panda noti tatu nyeusi-na-nyeupe pamoja, usirekebishe kitu, utapata C, E fleti, G, B fleti. Hiyo E fleti haimo kwenye A maina, na B fleti pia haimo, mwalimu wa nadharia angekukatia maksi, lakini sikiliza ladha yake, si ndo ile sauti ya hausi unayoijua? Wengine wakatengeneza hata sinthesaiza zenye kitufe cha kukumbuka kodi ili kidole kimoja kitoshe. Sasa hapo utaona jambo la kuchekesha, mtu hajasoma kodi hata moja lakini mashine imempa mwendo wa kodi ambao mpiga piano mzuri angeufikiria mara mbili. Kwa hiyo usihesabu kodi tu, sikiliza zinaelekea wapi.

Na hapa niulize swali moja, hizo hedifoni zako ni nzuri au ni zile za elfu tatu? Kama wakati mwengine unasikilizia spika ya simu basi nusu ya muziki hujausikia bado. Spika ya simu chini ya hezi 200 karibu haitoi kitu, na besi ya muziki huu inakaa chini kabisa, A ya chini ni hezi 55. Sasa utasema mbona ni besi tu? Hapana, besi ndo inayoipa kodi jina. Fanya hivi: mkono wa kulia shika C, E, G, B, usiutoe. Mkono wa kushoto piga C, umepata C meja seveni, tulivu. Sasa kushoto shuka A, kulia usiguse, imekuwa A maina naini, ina huzuni kidogo. Kushoto piga F, ghafla kuna mwangaza wa ajabu, noti ya B juu ya F inang'ata. Piga D, imening'inia haijui inakwenda wapi. Mkono wa kulia haujasogea hata kidogo na umepita kodi nne tafauti. Sasa mtu anayesikiliza kwa simu anasikia C, E, G, B dakika sita anasema "kodi moja tu hii". Amapiano nyingi zinafanya hivi hasa, ile logi dramu inayogonga chini si ngoma peke yake, ina noti, inatembea chini ya piano iliyotulia na kuigeuza maana. Kwa hiyo kabla hujaitupa rekodi, itafute noti ya besi kwanza, iimbe kwa mdomo, alafu ndo uhukumu.

Haya, majina sasa. Sitokupa orodha ndefu maana bando ni lako si langu.

Anza Chicago na Larry Heard, kwenye rekodi anajiita Mr. Fingers. Alikuwa mpiga dramu kwenye bendi kabla ya kununua sinthesaiza, na mwaka 1986 akatoa "Can You Feel It", haina mbwembwe, besi inazunguka, kodi zimelazwa juu kama pedi, yaani sauti laini ya kuvutwa. Ukiipiga kwenye kinanda utaona si ngumu hata kidogo, lakini jinsi sauti za ndani zinavyosogea moja moja badala ya kurukaruka ndo somo lenyewe. Watu wengi wakitaka kodi za maana wanatafuta kodi nyingi, huyu anakuonesha kodi chache zilizopangwa vizuri. Mimi mtu akinambia hausi haina kodi namrudisha kwake.

Detroit mwaka 1987 Derrick May akatoa "Strings of Life" kwa jina la Rhythim Is Rhythim, piano ile ilipigwa na rafiki yake Michael James, na kitu cha kushangaza haina besi kabisa. Baada ya yale niliyokwambia ya besi utaelewa kwa nini inakuacha hewani muda wote, kodi hazina anayezipa jina. Na Detroit hiyohiyo wapo Underground Resistance, watafute kwa jina la Galaxy 2 Galaxy, "Hi-Tech Jazz" ya 1993. Hapo mahadhi yapo waziwazi, yanaimbika, kasi ya tekno haijapungua. Wewe mwenye masikio ya fidla hiyo itakuingia haraka kuliko zote.

New York ndo penye wapigaji wa kweli. Masters at Work, yaani Louie Vega na Kenny Dope, waliwaita studio wanamuziki wa jazi na salsa wapige juu ya biti zao, na mradi wao wa Nuyorican Soul, albamu ya 1997, ina George Benson kwenye gitaa, Roy Ayers na vibrafoni yake, Tito Puente. Besi kwenye kazi zao nyingi kapiga Gene Perez. Sasa hapa unaona ile kanuni yangu inavyofanya kazi: ukishalijua jina la Gene Perez, au la Terry Burrus ambaye kapiga kinanda kwenye rekodi nyingi za hausi za huko, unaingia Discogs, tovuti ya kumbukumbu za rekodi, unaandika jina la mpigaji, si la DJ, na inakufungulia kazi zote alizoandikwa humo. Ukurasa wa kila rekodi pale una sehemu ya waliofanya kazi, nani besi, nani kinanda, nani kapanga fidla. Rekodi ya hausi ambayo imeandika jina la mpiga kinanda tayari imeshakwambia kitu, maana anayetumia lupu ya kununua, kipande kilichorekodiwa tayari kinachojirudia, hana wa kumwandika.

London hapo itabidi tukae kidogo. Miaka ya tisini huko kulitokea watu wa dramu endi besi ambao walikuwa wamesomea piano utotoni, LTJ Bukem mmoja wao, sikiliza "Horizons" ya 1995, ngoma zinakimbia chini kama za singeli karibu lakini juu kodi zinakwenda polepole kwa kasi ya nusu, kwa hiyo mwili unakimbia na masikio yamepumzika. Hii ni mbinu kubwa na wewe unaweza kuiiba: kasi ya ngoma na kasi ya kodi si lazima ziwe moja. Kisha 4hero, albamu yao "Two Pages" ya 1998, upande mmoja una vyombo hai na fidla zimepangwa, upande wa pili umerudi kwenye mashine. Mmoja wao, Dego, akaenda na wenzake wa London ya magharibi wakatengeneza kile walichokiita broken beat, kiki haigongi kila pigo tena, imevunjwavunjwa, na hapo ndo utamkuta Kaidi Tatham. Kama utachukua jina moja tu katika jibu hili zima chukua hilo. Kaidi anapiga kinanda, anapiga filimbi, kodi zake zinatembea kama mtu aliyemaliza jazi yote akaamua kucheza dansi, na ukimfuata yeye utawafikia Bugz in the Attic na rekodi nyengine chungu nzima ambazo hakuna hata moja ingekujia kwa kuandika "hausi bora".

Kwenye garaji, mtindo mwengine wa dansi wa Uingereza, muulize MJ Cole, kasomea muziki wa klasiki na inasikika, "Sincere" ilitoka kwanza 1998. Japani kuna Soichi Terada, hausi yake ina mahadhi matamu ya kitoto karibu, alifanya pia muziki wa gemu la Ape Escape, na usidharau miziki ya magemu, watu wa gemu wanajua kuandika mahadhi yanayokaa kichwani kwa mashine ndogo. Floating Points, Sam Shepherd kwa jina lake, kasoma skuli ya muziki kisha akachukua PhD ya sayansi ya neva huko London, rekodi zake za mwanzo za kucheza ni nzuri, ila albamu yake ya 2021 na Pharoah Sanders na okestra ya London si ya kucheza kabisa, ina kipande kifupi cha noti kinachorudi karibu albamu nzima, isikilize siku bando likiwa la kutosha.

Kisha rudi Afrika. Afrika Kusini ndo mahali ambapo hausi ya kodi nene haikuwa ya wachache, ilipigwa daladala na harusini. Black Coffee mwenyewe alisomea jazi Durban kabla ya yote, na mwaka 2022 akachukua Grammy kwa albamu ya "Subconsciously", ingawa mimi rekodi zake za zamani nazipenda zaidi, hiyo ya Grammy imekuwa ya redio mno. Na kwenye amapiano, usikae na hizi zinazopigwa kwenye TikTok ambazo ni logi dramu na kelele, tafuta tawi wanaloliita private school piano, andika hivyohivyo kwa Kizungu. Kelvin Momo ndo jina lake kubwa. Polepole, piano ya jazi, saksafoni ikiingia haina haraka, kodi za naini na ilevini, nyimbo dakika saba nane. Kwa mtu wa taarabu ambaye amezoea wimbo wa robo saa hiyo si ndefu hata kidogo.

Nisichokupendekezea ni trensi ya mafestivali, ile ya sauti kubwa kubwa na mikono juu. Watu watakwambia ndo yenye mahadhi. Mahadhi yapo, ila kodi ni zilezile nne, A maina, F, C, G, zimepakwa sauti nene hadi unadhani kuna kitu. Vilevile hizi shoo za DJ na okestra sitini nyuma yake, mara nyingi fidla zimepewa kunakili kile kile kinanda kilichokuwa kinapiga, hakuna kodi hata moja iliyoongezeka, imeongezeka bei ya tiketi.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nadhani ndicho hasa unachokikosa, na hujakisema. Wewe umeuliza kodi lakini umelalamikia mahadhi. Ni vitu viwili. Muziki uliokulea wewe haukujengwa kwa kodi, umejengwa kwa makamu, yaani ngazi za noti za Kiarabu, kila moja na mwendo wake: bayati, rasti, hijazi, nahawandi. Ganuni, fidla, nai na udi wote wanapiga mahadhi yaleyale, kila mmoja na mapambo yake, utajiri wote uko kwenye mstari mmoja. Na bayati ya D ina ile E iliyo katikati, si E wala E fleti, ukiiwekea kodi ya Kizungu chini lazima mmoja atapiga yowe. Kwa hiyo kwenye muziki wa makamu besi kukaa noti moja si umaskini, ndo heshima yenyewe, besi inakaa ili mahadhi yapate uhuru. Ukishalielewa hilo utaziona rekodi za dansi zenye besi moja kwa jicho jengine, swali linakuwa je juu yake kuna mahadhi yanayotembea, au hamna kitu.

Na yapo. Mwaka 1982 Mumbai mpigaji wa studio za filamu, Charanjit Singh, alichukua mashine ya besi ya Roland TB-303 na ya ngoma TR-808 akatoa albamu ya raga kumi, yaani makamu za Kihindi, juu ya biti za disko. Raga zenyewe zina sheria zao, noti zipi za kupanda na zipi za kushuka, yote kayaheshimu, chini mashine inabubujika. Wakati ule hakuna aliyejali, miaka mingi baadae ndo watu wakashtuka wakasema mbona hii inafanana na asidi hausi ya Chicago, na imeitangulia. Wazee wetu wa Darajani waliokuwa wakiangalia sinema za Kihindi mahadhi hayo wangeyatambua palepale.

Kisha mtafute Omar Souleyman wa Syria, mwimbaji wa maharusini, na zaidi yake mtafute aliyekuwa akimpigia kinanda, Rizan Said. Unaona tena, mpiga kinanda. Hicho alichokuwa akikipiga ni kinanda cha kawaida cha mashariki chenye vitufe vya kushusha noti robo toni, na huenda kinanda cha kikundi chenu kinacho pia, na anavyopiga mapambo kati ya mistari ya mwimbaji ni somo tosha. Albamu ya "Wenu Wenu" ya 2013 ilisimamiwa na prodyuza Four Tet wa London kwa hiyo imerekodiwa safi. Hii ni muziki wa harusi, kasi, watu wanaruka, na mahadhi hayajapunguzwa hata robo.

Na hao wenzako wanaosema dansi na mahadhi havikai pamoja waulize kidumbaki ni nini. Nyimbo zilezile za taarabu, fidla moja, sanduku linapiga besi, vidumbaki viwili, cherewa, mkwasa, kasi inaongezwa na watu wanakata viuno hadi alfajiri. Fidla ya kidumbaki haipumziki, inapamba mahadhi mbio mbio na ngoma haziisubiri. Sie hili tulishalimaliza zamani bila ya umeme. Hata singeli, ukizisikiliza zile za mwanzo za uswahilini Dar utasikia vipande vya taarabu vimeongezwa kasi hadi vinapiga chenga, na kabla yake mchiriku na vile vinanda vidogo vya Casio, sikiliza mkusanyo wa studio ya Sisso ya Dar wa 2017 utayakuta mahadhi humo chini ya vurugu, ni mafupi, yanajirudia, lakini yapo.

Jinsi ya kutafuta bila kumaliza bando: YouTube ikishakuzoea inakuletea unachokijua, kwa hiyo anzia Discogs, nyingi ni maandishi, haili data sana, soma majina, andika kwenye karatasi, kisha ingia Bandcamp, tovuti ambako wanamuziki wanauza kazi zao wenyewe, usikilize, nyingi wanakuachia usikilize nzima kabla ya kununua. Angalia pia pale chini Bandcamp inapoonesha walionunua rekodi hiyo, fungua mmoja uone kanunua nini vyengine, mtu aliyempenda Kaidi Tatham kuna uwezekano mkubwa masikio yenu yanafanana, na huyo ni mwongozo bora kuliko mashine yoyote. Kulipia kunataka kadi ya benki au PayPal. Miksi za saa nzima za redio kama NTS ya London zisikilize bando la usiku, na uzuri wao wanaandika orodha ya nyimbo, ukipata moja iliyokugusa simama hapo, jina, aliyepiga, rudi Discogs. Usiendelee na miksi, utasahau.

Ukipata wimbo usianze na kodi. Imba besi, itafute kwenye mkono wa kushoto, kisha tafuta noti ya juu kabisa ya kodi, ile inayosikika kama inaimba, ukishapata ya chini na ya juu za katikati zitajileta zenyewe. Ikikushinda ipunguze kasi, YouTube ina sehemu ya kuipeleka nusu na noti hazibadiliki.

Sasa la kikundi chenu. Inawezekana, ila usianze na wimbo wa bayati wala rasti, mwimbaji akiifika ile noti ya katikati na wewe umeshika kodi nene itakuwa aibu mbele za watu na bi harusi hatokusamehe. Anza na nahawandi, haina robo toni, kodi inaikubali. Tuseme mnaimba nahawandi ya C: besi iweke C, kulia piga E fleti, G, D, achana na B fleti kabisa kwa sababu mwimbaji akipanda atapita kwenye B ya kawaida na mtagombana. Kisha besi ishuke A fleti, mkono wa kulia wala usiusogeze, utaisikia imegeuka. Kisha F, kulia bado palepale. Halafu ukitaka kurudi nyumbani besi G, na hapo ndo ubadilishe kulia, piga B, F, A fleti, itamvuta mwimbaji arudi C mwenyewe. Besi nne, mikono miwili, hakuna aliyebabaika. Ajamu nayo itakubali, hijazi kwa tahadhari, hapo kodi chache na besi itulie.

Na mpiga fidla mwambieni mapema mnafanya nini, tena kabla ya mazoezi si katikati, maana yeye akisikia A fleti inaingia chini yake bila taarifa atadhani mmekosea na atawafuata kuwarekebisha, kisha mtakuwa mmepotea nyote wawili. Mwimbaji yeye mwacheni aimbe kama alivyozoea. Mkishairekodi, hata kwa simu, nitumie, ila weka simu karibu na spika ya besi.